Kifungu cha Saba na Chukudu za Mushaki

Jumanne, tarehe 4 Septemba 2007, saa tatu asubuhi, viti arobaini vilikuwa vimepangwa katika ukumbi mmoja wa Mushaki, Masisi. Vitatu vilikaliwa. Siku hiyo tulitangaza enzi mpya: Tume ya Maelekezo ya Usanifu wa Bidhaa Rafiki kwa Mazingira, Masisi na Walikale, ilikuwa imewasili kuyafundisha makampuni kuunda bidhaa zisizoichafua dunia. Mimi nilikuwa katibu. Maneno "enzi mpya" yalikuwa yangu.

Walikale ilishughulikiwa kikamilifu. Barabara ya Ntoto, iendayo huko, ilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki, hivyo tuliichunguza Walikale kutoka Mushaki, tukitazama magharibi kwa dakika ishirini. Kulikuwa na mawingu. Niliandika: hali ni ya kuridhisha.

Tatizo lilikuwa makampuni. Hayakuja. Viti viwili tulivikalia mimi na Mwenyekiti, Bwana Eugène. Cha tatu alikikalia Sebarenzi, seremala aliyetukodisha viti hivyo, ambaye alikuja kuvilinda. Kwa kuwa maelekezo hayawezi kutolewa bila kampuni, Mwenyekiti alimpandisha Sebarenzi cheo akawa kampuni. Aliuliza kama kampuni inapewa chakula. Tulimweleza kwamba inakaguliwa.

Bidhaa yake ilikuwa chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kisicho na pedali wala injini, kinachoteremsha viazi kutoka milimani hadi mji wa Sake, chini bondeni. Alikuwa nazo sita. Alituarifu pia, nje ya ajenda, kwamba mapigano yanakaribia, kwamba mkewe Thacienne ana mimba ya miezi minane na miguu imemvimba, na kwamba hana gari lingine la kumfikisha Sake.

Tulikagua. Mbao huoza, hivyo tulizipongeza. Kasoro ilikuwa moja tu. Nyuma, juu ya gurudumu, palipigiliwa kipande cha tairi kuukuu ambacho mwendeshaji hukikanyaga kwa kisigino. Kifungu cha Saba, nilichokiandika Goma baada ya chakula cha mchana, kinakataza kitu chochote kisichooza.

"Papa Sekretere, ile njo freni," alisema Sebarenzi.

Nilimweleza kwamba tume haipingi breki. Inapinga mpira.

"Iko kipande ya pneu ya camion yenye ilikufa zamani. Miye njo nilimufufua."

"Tairi la lori haliozi."

"Hata miye sitaki ioze, Papa. Ikioza mu mutelemuko, nani atasimamisha muntu?"

Swali hilo liliingizwa chini ya Mengineyo. Breki sita zilibanduliwa, nikazitia katika katoni na kuifunga kwa lakiri. Chukudu zote sita zilipewa cheti, zikawa bidhaa za kwanza za eneo hilo kuwa rafiki kamili wa mazingira. Tulipiga picha.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, risasi zilisikika upande wa kaskazini. Saa mbili na dakika tano dereva wetu aliondoka na jeep bila hati ya safari. Saa tatu Mwenyekiti aliomba chukudu moja kwa ajili ya shughuli za tume.

Sebarenzi alikuwa ameshampandisha Thacienne juu ya gunia la viazi. Alikuja kwangu akaomba breki moja tu. Nilimkumbusha kwamba katoni ni kielelezo cha tume na hufunguliwa katika kikao.

"Papa Sekretere," alisema Thacienne kutoka juu ya gunia, "huyu mutoto hajasoma bado kifungu yenu."

Nilivunja lakiri. Ulikuwa uamuzi pekee katika miaka kumi na tisa ya utumishi niliouchukua bila kikao. Sebarenzi alisaini kupokea, akaipigilia kwa misumari minne. Kisha akajitolea kutupigilia na sisi moja.

Mwenyekiti alikataa. Alisema sahihi yake iko kwenye cheti, na wananchi watatuona.

Tuliondoka wa mwisho, yeye akiendesha, mimi nyuma na katoni kifuani. Kwenye kona ya pili tuliwapita akina Sebarenzi.

"Papa Prezida, kanyaga freni," alisema Sebarenzi kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesalimia.

Bwana Eugène alikanyaga. Palikuwa na hewa safi, isiyo na mpira wowote.

Kwenye kona ya tatu mimi nilijitenga na msafara, nikaingia shamba la maharagwe. Breki tano zilizokuwa katika katoni zilikutwa zote zikiwa nzima.

Mengine nimeyathibitisha katika daftari la kizuizi cha barabarani, mlangoni mwa Sake, lililoandikwa na askari wa zamu:

"Saa nne kasoro mbili: tume moja. Haikusimama.

Saa nne na dakika arobaini: kampuni moja, bibi yake mwenye mimba, viazi. Ilisimama."