Kopo Jekundu la Injinia Mudrik

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mudrik alifuta makopo yake. Aliyapanga kumi na mawili kwenye benchi nje ya nyumba ya wageni pale Kilindoni, kisiwani Mafia, akalowesha kitambaa, akayasugua moja baada ya jingine. Kumi na moja yalikuwa meupe, yenye picha ya meli kubwa ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona ikipita Mafia. La kumi na mbili lilikuwa jekundu, na hilo alilifuta mwisho, kwa upole, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi.

Jumatatu hiyo alikuwa amefika kopo la tisa aliposikia sauti ya mwanamke kutoka duka la jirani.

"Oili namba arobaini, Costantine. Hata lita tatu."

"Bi Somoe, hata ungesema matone matatu. Kivuko kimeleta oili za pikipiki tu. Nyepesi. Uitie kwenye injini yako ile? Jioni utaikuta yote mchangani."

"Na Alhamisi gari la mwani linafika Utende."

"Najua."

"Wanawake thelathini na wawili, Costantine. Mwani wao umekauka, umefungwa, unangoja boti yangu kule kisiwani Jibondo. Na wingu unaliona."

"Naliona, mama. Sasa nikamue nazi nikupe?"

Kitambaa cha Mudrik kikasimama juu ya kopo la tisa. Yaliyobaki hayakufutwa siku hiyo, hata lile jekundu.

Tumtendee haki: Mudrik hakuwa mwizi wa kuvunja milango. Milango aliiheshimu. Alisubiri ifunguliwe na wenyewe, kwa tabasamu. Kwao Temeke aliwahi kuuza dawa ya panya ambayo panya waliinenepea, na miwani ya kusomea iliyowafanya watu waone herufi ambazo hazikuandikwa. Sasa alikuwa injinia. Alikuwa na ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama yenyewe, na kalamu tatu mfukoni, mbili zikiwa hazina wino.

"Shikamoo, mama," alisema, akiingia dukani na kopo jeupe mkononi, na lile jekundu begini.

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, nimesikia bila kusikiliza. Injini yako ni ya zamani?"

"Aliinunua marehemu mume wangu, nayo ilikuwa tayari imeshazeeka."

"Basi usithubutu kuitia oili ya kisasa!" Mudrik akaweka mkono kifuani. "Injini kongwe ni kama mzee mwenye mapengo. Vyuma vyake vimelika, nafasi zimekuwa kubwa. Oili nyepesi inapita humo kama maji kwenye tenga. Halafu hizi za kisasa zina sabuni nyingi. Masizi yaliyoganda miaka thelathini ndiyo yanayoziba nyufa, mama. Sabuni ikiyaosha, injini nzima inalia machozi."

Costantine, ambaye alikuja Mafia kutoka Kagera miaka kumi iliyopita na alikuwa haamini mtu yeyote mwenye kalamu tatu, alijikuta anatikisa kichwa kukubali. Na alikuwa sahihi, kwa sababu kila neno alilosema Mudrik lilikuwa kweli. Uongo ulikuwa ndani ya makopo.

Humo kwenye makopo meupe mlikuwa na oili iliyokwisha kufanya kazi yake ya halali ndani ya malori ya watu, ikastaafu, ikachujwa kwa kipande cha chandarua, ikatiwa rangi, na kurudishwa kazini bila kuulizwa. Lile jekundu, lita tano, lilikuwa oili ya kweli, namba arobaini, ya kiwandani. Alilinunua kwa fedha yake mwenyewe, jambo lililomuuma mpaka leo. Lakini kila ulaghai unataka ukweli kidogo, kama pilau inavyotaka chumvi.

Alilifungua lile jekundu, akadondosha tone moja kwenye karatasi ya daftari. Tone likatanuka polepole, likawa duara safi lenye rangi ya asali.

"Duara bila kiini cheusi. Hiyo ndiyo afya."

Bi Somoe aliitazama karatasi, kisha akalitazama kopo.

"Zuri kopo hili jekundu," alisema.

"Ahsante, mama. Hili ni la maonyesho. Utakalotumia wewe ni hili jeupe. Ni hiyo hiyo, ila imeboreshwa."

"Limekaa vizuri kweli, hili jekundu."

"Rangi ya kiwanda."

"Mwenye kopo kama hili ana bahati."

"Nashukuru sana, mama," alisema Mudrik, akalifunga na kulirudisha begini, akiwa amefurahi kupata mteja mwenye kusifu vitu vya watu.

Walipatana. Makopo mawili meupe, yafikishwe Utende keshokutwa asubuhi, na malipo yawe gunia la pweza mkavu. Mudrik alijua bei ya pweza mkavu Dar es Salaam. Usiku huo aliota bahari nzima ina mikono minane na yote inamkumbatia.

*

Jumatano asubuhi bodaboda ilimshusha Utende, ufukweni, na makopo mawili meupe mikononi na begi mgongoni. Boti ya Bi Somoe ilikuwa imeelea kwenye maji ya kiunoni. Ndani yake alikuwa ameinama msichana mwembamba, mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

"Huyu ni fundi wangu, Matilda," alisema Bi Somoe. "Mama yake nesi, alihamishiwa hapa kutoka bara. Yeye amesomea injini chuoni."

"Shikamoo," alisema Matilda kwa sauti ya kuomba radhi, akapokea makopo bila kumtazama mtu usoni.

Mudrik alifurahi. Mafundi wapole aliwapenda kuliko aina nyingine zote za mafundi.

"Njoo unywe chai, injinia," Bi Somoe alimwita. "Mwache afanye kazi."

Alikalishwa barazani, akaletewa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Mbele yake, ukutani, liliegemezwa gunia la pweza, limejaa na linanuka kama utajiri. Alikula akilitazama gunia, na aliyetazama gunia hakuweza kutazama boti.

Huko botini Matilda alifungua kopo jeupe. Alichovya kidole, akakisuguanisha na gumba, akanusa. Akadondosha tone kwenye karatasi. Katikati pakaota doa jeusi kama mboni ya jicho, na pembeni ukazuka ukingo wa maji maji. Alikuwa binti ambaye hata sokoni aliogopa kukataa samaki aliyeoza, asije akamvunja moyo muuzaji. Lakini injini ile alikuwa ameitunza mwaka mzima. Alizunguka nyuma ya nyumba, akamkuta Bi Somoe jikoni, akamwonyesha karatasi.

"Tukiitia hii," alinong'ona, "haifiki Jibondo mara mbili. Itaua beringi."

"Iliyomo sasa je?"

"Imechoka na imepungua. Inaweza kutoka hapa, kurudi na mzigo haiwezi. Tunahitaji ya kweli."

"Ya kweli ipo," alisema Bi Somoe. "Iko kwenye begi la huyo anayekunywa chai yangu."

Alipomaliza kipande cha tatu cha mkate, Mudrik aliitwa nyuma ya nyumba, akaonyeshwa makopo mawili meupe, matupu kabisa. Aliridhika. Akarudi barazani, akanyoosha mkono kwa gunia, na mkono ukakuta ukuta.

"Gunia limeshapanda botini," alieleza Bi Somoe.

"Botini? Kwa nini?"

"Ujira unapanda na mwenyewe. Hapa kwetu anayeleta oili ndiye anayepanda nayo safari ya kwanza. Ni mila. Hukuambiwa Kilindoni?"

"Mama, mimi nina mikutano..."

"Marehemu alikuwa akisema, mpishi asiyeonja ana sababu zake."

Watu watatu waliokuwa wakiparua magamba ya boti jirani waliacha kazi, wakamtazama. Mudrik alipiga hesabu. Kwenda Jibondo ni mwendo mfupi. Oili yake ilikuwa mbovu, ndiyo, lakini haikuwa mbovu ya papo kwa papo. Ubovu wake ulikuwa na adabu, ulingoja muuzaji aondoke. Akakunja ovaroli, akapanda.

Walikuwa wanne: Bi Somoe kwenye usukani, Matilda kwenye injini, Ally baharia mbele kabisa, amekaa juu ya kitu fulani na shuka lake la kiunoni limetandazwa, na Mudrik katikati, amekumbatia begi. Injini iliitika, du, du, du, du, nzito na ya taratibu kama mzee anayepanda ngazi.

Maji yalikuwa yanatoka, yanakupwa. Wenye kuijua ghuba ile wanajua kwamba maji yakitoka yanapita mlango wa Kinasi kwenda bahari kuu, nayo hayangoji abiria. Mudrik hakuwa mwenye kuijua ghuba ile. Walipofika mahali ambapo buluu ya maji inageuka kuwa kitu kingine, Matilda alimtazama Bi Somoe, Bi Somoe akakohoa, na Matilda akavuta kamba ndogo ya kuzimia injini, iliyofichwa chini ya mbao.

Du. Du.

Kimya.

"Imezima," alisema Matilda.

"Imezima kwa nini?" aliuliza Mudrik, sauti yake ikiwa imepanda ngazi mbili.

"Sijui. Labda injinia ndiye anajua."

Boti ilianza kwenda yenyewe, upande, bila haraka. Ufuo wa Utende ukaanza kujikunja. Ally alianza kuimba kasida kwa sauti ya chini, ile inayoimbwa msibani.

"Ally, huko tunakoelekea ni wapi?" aliuliza Mudrik.

"Huko? Mbele?" Ally akakinga jua kwa kiganja. "Bara Hindi, inshallah. Kwa waliobeba chakula."

"Tuna pweza," alikumbusha Bi Somoe.

"Tieni nanga!"

"Kina kirefu hapa," alisema Ally, naye akajikalisha vizuri zaidi juu ya nanga, kama kuku aliyeatamia.

Tukiri kwamba Mudrik alijitahidi. Alisema huenda ni upepo umeingia kwenye dizeli. Matilda alisema dizeli ni safi. Alisema huenda ni betri. Matilda akasema, kwa huruma, kwamba injini hii haina betri, inawashwa kwa mkono. Wimbi la kwanza la bahari kuu likainyanyua boti na kuiweka chini, na Mudrik, ambaye hakujua kuogelea hata kwenye beseni, alidaka ukingo wa boti kwa mikono miwili.

"Ni oili!" alipiga kelele. "Oili ni mbovu! Imetoka kwenye malori! Nimeichuja kwa chandarua! Imwageni, imwageni yote!"

Ally aliacha kuimba. Bi Somoe alimtazama bila hasira yoyote.

"Tuimwage, tutie nini, mwanangu?"

Mudrik alikuwa tayari ameshafungua begi. Alilitoa kopo jekundu kwa mikono miwili. Matilda akafungua skrubu ya chini, oili nyeusi ya moto ikashuka kwenye ndoo, na Mudrik akaitazama kwa aibu ya mzazi anayemtambua mwanawe mbele ya polisi. Hakuwa mwanawe. Ilikuwa oili ya Bi Somoe mwenyewe, iliyochoka kwa haki. Lakini hakuna aliyemsahihisha. Skrubu ilipofungwa, alimimina lile jekundu kwa mkono wake mwenyewe, bila kumwaga tone. Matilda akapima kwa kijiti: imefika pale pale panapotakiwa.

Akazungusha hendeli ya kuwashia mara mbili. Du, du, du, du, du. Sauti ilikuwa imenona. Matilda akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaipigapiga injini mgongoni.

*

Saa kumi alasiri walirudi Utende, boti imezama hadi kwenye mstari kwa magunia ya mwani, na kina mama watano wa Jibondo wamekaa juu yake wakimcheka Mudrik kwa zamu. Mvua ilianguka gunia la mwisho likiwa limekwisha ingia ghalani. Wanawake walipiga vigelegele, na mmoja, Mize, alimwambia injinia aolewe huko huko Jibondo, wana injini nyingi.

Alipopita nyuma ya nyumba kutafuta pa kunawa, Mudrik alimkuta Ally na ndoo mbili za oili, akipaka nguzo za banda. Oili ile aliifahamu. Hata rangi aliyoitia aliifahamu.

"Ya mchwa," alieleza Ally. "Hawaisogelei. Ni nzuri sana kwa kazi hiyo, injinia."

Mudrik akajumlisha: oili yake haikuwahi kuingia kwenye injini. Kisha alirudi barazani, ambako Bi Somoe alikuwa amefungua gunia na kuchagua pweza wawili, wakubwa, waliokauka vizuri. Akamwekea mapajani.

"Bei ya kopo moja la lita tano, kama anavyouza Costantine. Sidhulumu mtu."

"Mama," alisema Mudrik, na safari hii hakuweka mkono kifuani, "kumbe ulikuwa unalitaka lile jekundu tangu mwanzo. Mbona hukusema?"

"Nimelisifu mara tatu! Kwetu mtu akisifu kitu chako mara tatu, hata kama ni jogoo, unamfungia aende naye."

"Mimi ni wa Temeke. Tukisifiwa tunasema ahsante."

Bi Somoe alicheka mpaka kanga ikamshuka begani. Kisha akainama mbele, akamshika mkono, na akamwambia polepole, kama mtu anayemsomesha mgeni lugha:

"Haya, basi nakwambia wazi. Mimi, mwanangu, tangu Jumatatu nilikuwa nataka kununua oili."