Uso Wangu kwenye Ukuta wa Gadsden

Jumamosi, 4 Mei

Habari njema na habari mbaya. Njema: ukuta wa duka la kufulia nguo la Rufus Gadsden, hapa kona ya mtaa wetu, Philadelphia kaskazini, utachorwa picha ya akina mama waliopigania mtaa. Mbaya: dada yangu Odessa atakuwa katikati, mkubwa kama basi, na mimi simo!

Nimemuuliza Maribel, yule binti msanii wa Kipuerto Riko, kama hajasahau mtu. Kasema kwa heshima kwamba picha ni ya wanawake, mzee wangu. Weusi, Walatino, wote waliolifunga lile jaa la taka na kuirudisha njia ya basi. Nikamkumbusha kwamba siku ya maandamano ya basi nilishika kipaza sauti. Odessa akadakia kutoka jikoni kwamba kilikuwa hakina betri. Huyo ndiye dada niliyepewa.

Rufus naye anatembea kifua mbele. Eti jina lake litaandikwa pembeni kwa kutoa ukuta. Kutoa ukuta! Ukuta ulikuwepo kabla hajazaliwa.

Jumapili, 5 Mei

Baada ya ibada Maribel amerekodi sauti za akina mama, ili watu wasikilize wakija kutazama picha. Odessa kaeleza walivyokaa barabarani mbele ya malori ya taka, na sufuria zao na watoto wao. Nilisogea karibu na kinasa sauti, nikawa nakohoa kwenye sehemu muhimu. Angalau kikohozi kiingie kwenye historia. Maribel kasema nisijali, atakikata.

Lakini nimepata jambo kubwa! Kumbe picha haichorwi ukutani moja kwa moja. Inachorwa kwenye kitambaa, kinakatwa vipande, na kila sehemu inaandikwa namba ya rangi. Kisha mtaa mzima unakaa na kupaka, mtoto na ajuza, kila mtu akifuata namba zake. Vipande hubandikwa ukutani baadaye kwa gundi. Unaweza kupaka jioni nzima usijue kama unapaka kidevu au wingu.

Sasa, funguo za ukumbi wa chini ya kanisa, vinapowekwa vipande, anazo nani? Mimi, mpanga viti! Nimelala na tabasamu.

Jumatano, 8 Mei

Imekwisha! Kuna kipande kimoja nyuma ya bega la Odessa ambacho ni anga tupu. Aibu kupoteza kitambaa kizuri hivyo. Nikachukua ile mashine ya Maribel ya kumulika picha, nikaweka picha yangu ya kitambulisho cha basi cha wazee. Uso wangu ukajaa kitambaa na nusu ya ukuta. Sijawahi kujiona nikiwa na hadhi namna ile. Nikafuatisha kwa penseli, pua, masharubu, nywele, kila kitu.

Katikati ya kazi kwaya ikaingia kufanya mazoezi! Bi. Velma Crutchfield, mwalimu wao, akauliza kwa nini kichwa changu kimekuwa kikubwa kuliko kinanda. Nikamwambia najaribu balbu. Akasema balbu nzima, bahati mbaya.

Walipoanza kuimba nikamalizia. Namba za rangi nikanakili kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mlango. Kazi safi kabisa.

Jumamosi, 11 Mei

Siku ya kupaka. Ukumbi umejaa, pai za viazi vitamu meza moja, pastelillo za nyama, zile sambusa za Kipuerto Riko, meza nyingine, watoto wana rangi mpaka masikioni. Viti nimepanga peke yangu kama kawaida. Hakuna aliyeniambia hata asante.

Nilikusudia kukikamata kipande changu mwenyewe. Kumbe hakuna kuchagua! Maribel anavigawa vikiwa vimefunikwa, ndiyo sheria ya kazi hii, asije mtu akajitia kupaka uso wa mama yake tu. Rufus kapata jicho la Odessa. Mimi nimepata matofali. Kahawia, kahawia, kahawia.

Kipande changu kimeangukia kwa Doña Eufemia Rosado, yule aliyegeuza kiwanja cha magari mabovu kuwa bustani, na Bi. Velma. Nikapita karibu kama mtu anayetafuta brashi. Wakacheka. Nikapita tena. Doña Eufemia akaniambia, “Mzee, rudi kwenye matofali yako, usitutie kiwingu.”

Wanapaka kwa furaha sana. Uso wangu una mvuto.

Jumanne, 21 Mei

Balaa!

Leo wamebandika vipande. Nimesimama kwenye lami, shingo juu, nikatafuta sura yangu nyuma ya bega la Odessa. Nikaiona. Karibu nianguke.

Ile karatasi ya mlangoni ilikuwa ya namba za mwaka jana, za picha ya bustani! Kila picha ina namba zake, nani alinieleza? Kwa hiyo nywele zangu zimekuwa zambarau. Masharubu yamepakwa rangi ileile ya ngozi, yametoweka. Midomo myekundu kama pilipili. Akina mama wamefuata namba bila kukosea hata moja. Halafu, walipoona kitu cha zambarau kichwani, wakaona bila shaka ni kofia ya kwendea kanisani, wakakiongezea unyoya.

Nimekuwa bibi! Na si bibi mbaya, lazima niseme.

Alhamisi, 23 Mei

Kikao cha dharura, palepale chini ya ukuta. Maribel machozi yanamlenga. Kasema mwanamke yule hakumchora yeye, hamjui, hana sauti yake wala ruhusa ya ndugu zake, na picha hii ni ya watu wa kweli. Kitambaa kibanduliwe, ipakwe anga.

Nikisema ni mimi, nabanduliwa mara mbili, ukutani na mtaani. Nikinyamaza, nabanduliwa mara moja tu. Nikajitia hamnazo.

Ndipo Bi. Velma akasimama, akasema, “Kumbe hamumwoni! Yule ni mama yangu, aliyepika kila kikao mpaka miguu ikavimba.” Doña Eufemia akamwambia, “Shoga, mama yako hakuwa na kidevu kile! Huyo ni yule jirani aliyewalaza watoto wetu kwake tulipokesha mbele ya ofisi ya meya.” Mwingine akasema ni shangazi yake. Wakabishana, wakalia, wakakumbatiana. Kwa kidevu changu!

Odessa aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Nikachunguza viatu vyangu. Mwishowe akasema mama yule aachwe, asimame badala ya wale wote waliomenya viazi na kupanga viti, ambao hakuna aliyewapiga picha. Maribel akafuta machozi akakubali.

Nimebaki ukutani! Ubongo huu jamani.

Jumamosi, 1 Juni

Uzinduzi. Kwaya upande huu, ngoma za Wapuerto Riko upande ule, sauti za akina mama zikitoka kwenye spika. Watu wameweka maua chini yangu. Rufus akanishika bega, akanong'ona kwamba yule mama mwenye kofia, angekuwa hai, angemposa. Nikapaliwa na soda.

Odessa akanivuta pembeni.

“Pua ya baba yetu naijua hata ikivishwa kofia,” akasema. “Nilikuacha pale kwa sababu unastahili. Miaka yote hii umetupangia viti na kuvikusanya, na mimi sijawahi kukuambia asante. Asante, mdogo wangu.”

Akanikumbatia mbele ya watu. Nikamwambia nashukuru, ila sikutaka kukumbukwa kwa viti, je, haiwezekani nikaongezewa kipaza sauti mkononi? Akanitazama. Kisha akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi, wakaja kumpepea.

Sijui nini kilichomchekesha. Umri nao.

Jumapili, 2 Juni

Maribel katangaza kanisani leo. Ukuta unaofuata ni wa zahanati, utakuwa wa wauguzi wanawake wa mtaa huu. Ukubwa mara mbili! Karatasi ya namba mpya nimeshainakili, ya mwaka huu, nimehakikisha.

Na masharubu nimenyoa.