Pampu Haitoki Stoo

Jumatatu, 3 Machi

Nimelinunua! Steshenwagoni la Ulaya, rangi ya kijani, viti vya ngozi, buti refu kama kitanda cha wageni. Limeegeshwa uani na mkia wake umebaki nje ya geti. Acha ubaki. Majirani nao wana macho.

Aliyeniuzia ni mhadhiri mstaafu. Alinikabidhi funguo haraka mno, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanitakia afya njema. Sikulitilia maanani.

Mke wangu katoa nusu ya pesa. Yeye ni mshonaji, na amepata kazi ya maana kuliko zote alizowahi kupata: mapazia ya wodi mpya ya hospitali, jozi themanini, pamoja na vyuma vyake vya mita mbili mbili. Yafike Jumamosi ya tarehe 15, kabla ya saa sita mchana. Yakichelewa, kazi ya ghorofa mbili zilizobaki anapewa mshonaji mwingine. Shemeji yangu, mdogo wake wa kiume, alijitolea kubeba mzigo bure kwa pikapu yake. Pikapu ya kuku! Mgonjwa alazwe, avute pazia, anukiwe na banda? Nikasema piga ua, mzigo wa mke wangu utabebwa na gari la mumewe. Nimeapa mbele yao wote wawili. Shemeji kacheka. Acheke.

Jumanne, 4 Machi

Habari zimefika kazini kabla yangu. Mimi ni mtunza stoo wa chuo cha ufundi, huu mwaka wa kumi na tisa, na nyuma ya mgongo wananiita Weka Saini. Leo mhasibu kaniuliza kama nimenunua gari au nimeoa mke wa pili. Eti gari la Ulaya lililotumika si kazi kulinunua, kazi ni kulilisha. Watu wakavunjika mbavu. Nikamjibu kwamba mwenye kujua kupanga hashtukizwi na gharama. Wakacheka tena, sijui kwa nini.

Jioni nikalipeleka kwa Fundi Miwani. Akalizunguka mara tatu. Akafungua boneti. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akafunga boneti polepole kama anayemfunika mgonjwa. Akasema, "Mzee, gari ni zuri. Ila linakula."

Nikamwambia anitajie kila kitakachokufa ndani ya mwaka mmoja. Akataja. Nikaandika. Matairi manne. Pampu ya maji. Mkanda wa injini. Koili. Plagi. Shokapu. Mipira ya rejeta, wa juu na wa chini. Alipofika kwenye giaboksi nilimwomba tupumzike kidogo, nikakaa juu ya ndoo ya oili.

Lakini woga sina. Kitu kikishaandikwa kwenye orodha hakiwezi tena kukuvizia. Nitanunua vyote sasa hivi, vikiwa bado vizima kwenye gari. Gari likitaka kufa, life. Litanikuta nimekaa.

Alhamisi, 6 Machi

Duka la spea. Nilipotaja aina ya gari, mwenye duka aliniletea kiti. Nilipomwonyesha orodha, akaagiza na soda. Hapo nikajua bei hata kabla hajaitaja.

Nimenunua karibu vyote. Pampu ya maji ilikuwa moja tu dukani, nimeichukua; ya pili itaingia Jumatano ya tarehe 19. Matairi mapya yameshafungwa, meusi, yanang'aa, bado yana vile vinywele vya kiwandani. Nimeyapapasa njia nzima kwa macho, kichwa nje ya dirisha, kila niliposimama kwenye taa.

Akiba yangu yote imekwenda. Mke wangu sijamwambia. Nitamwambia siku kitu kitakapoharibika, ili habari mbaya na nzuri zifike pamoja.

Jumamosi, 8 Machi

Chumba cha mtoto wetu mkubwa, aliye chuoni, sasa ni stoo. Nimepiga rafu tatu. Kila spea ina kadi yake: jina, tarehe ya kuingia, idadi, na kiwango cha chini. Kiwango cha chini ni moja. Hii ndiyo sheria niliyoisimamia miaka kumi na tisa, wakuu wa chuo watano wamekuja na kuondoka wameiacha palepale: cha mwisho hakitoki. Stoo yenye sifuri ni chumba tu.

Mwaka juzi mwalimu wa useremala alikaa wiki nzima bila msumeno kwa sababu uliobaki ulikuwa mmoja. Alinitukana mpaka sauti ikakauka. Ukaguzi ulipokuja, msumeno ulikuwepo.

Shemeji alipita kuleta mayai. Kachungulia stoo, kapiga mluzi, kauliza kama nafungua duka. Nikamwambia huko ndiko kutazama mbele. Akasema pikapu yake ina spea moja tu, nayo ni waya. Mtu wa kuku.

Jumatano, 12 Machi

Limekufa. Kwenye mzunguko wa barabara, saa kumi na moja jioni, watu wote wametoka kazini! Mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho, mvuke ukafumuka, maji yakatiririka barabarani. Mhasibu kapita kwa miguu. Kaniuliza kama napika.

Likavutwa hadi kwa Fundi Miwani. Kaangalia mara moja tu. Pampu ya maji. Nusura nimkumbatie. Kwenye orodha! Namba mbili! Nikamwambia pampu ninayo nyumbani, mpya, kwenye boksi lake. Akasema niilete kesho asubuhi, mchana gari linatembea.

Mke wangu nimemwambia gari liko sevisi. Si uongo kamili.

Alhamisi, 13 Machi

Sikuipeleka. Niliingia stoo saa moja asubuhi, nikaitoa rafuni, nikachukua kadi. Idadi: moja. Kiwango cha chini: moja. Mkono ukakataa wenyewe kuandika sifuri. Hivi nikiitoa hii, pampu ya gari ikifa tena kesho, nitakuwa na nini? Nitakuwa mtu wa kawaida tu, asiye na pampu.

Nikapita kwa Fundi Miwani kumweleza kwamba tusubiri ya pili iingie dukani, tarehe 19, ndipo nitoe ya kwanza. Akanitazama. Akauliza, "Mzee, si umesema unayo?" Ninayo. "Basi lete." Siwezi, ni moja. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu sana. Akasema yeye darasa la saba lakini hapo kuna kitu hakimwingii. Nikamwambia haya ni mambo ya taaluma.

Mapazia yapo sebuleni, jozi themanini, yamepigwa pasi na kufungwa kwa karatasi. Hakuna pa kukaa. Mke wangu vidole vyote vina plasta. Kaniuliza gari linarudi lini. Nikasema wakati wowote.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya. Mke wangu alipitia gereji akitoka kununua uzi. Fundi Miwani kamwaga kila kitu, domo lake kama mlango wa stendi.

Akaingia moja kwa moja stoo bila kubisha. Akaziona rafu. Akaona shokapu, koili, mipira, mkanda. Akaiona pampu. Akaniuliza kwa upole, upole uleule aliokuwa nao siku nilipouza cherehani ya mama yake kimakosa, kama hiyo ndiyo inayotakiwa. Nikakubali. Akaniuliza kwa nini basi iko hapo.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, na mfano wa msumeno. Akasema mapazia ni kesho. Nikasema pikapu ya kuku haitayagusa, wala sheria haitavunjwa, lazima kuna njia ya tatu. Akauliza ipi. Nikaomba muda.

Ndipo akaomba fomu ya kutolea vifaa. Nikampa, kwa kweli nilifurahi. Akaijaza vizuri kuliko walimu wote wa chuo, mwandiko wazi, tarehe, matumizi, saini. Ila panahitajika mtu wa kuidhinisha, na mtunza stoo haruhusiwi kuidhinisha kinachotoka kwenye stoo yake mwenyewe. Nikamwonyesha mstari. Akausoma. Akaikunja fomu mara nne, akaiweka mfukoni, akaichukua pampu, akatoka.

Wizi wa stoo, mchana kweupe! Nilimfuata hadi getini. Anakwenda mbio, pampu kwapani, na viatu vya nyumbani. Nimeandika ripoti ya upotevu.

Jumamosi, 15 Machi

Saa tatu asubuhi gari likaingia uani, zima. Shemeji usukani, mke wangu pembeni yake. Nimejifungia stoo nahesabu mali. Nikasikia vyuma vikipakiwa, kimoja kimoja, vinagongana.

Mke wangu akabisha mlango. Akasema mzigo umeenea wote, hakuna hata chuma kilichotokeza nje. Akasema kiti cha dereva ni changu nikitaka. Nikamjibu kwamba mimi siwezi kuendesha gari lenye kifaa kilichotoka bila idhini. Nilisikia anapumua nje ya mlango. Halafu akasema, "Haya, baba watoto."

Likaondoka. Injini ilinguruma vizuri, sauti laini kabisa, sijawahi kuisikia hivyo. Nimelinunua mimi, na siku yake ya kwanza ya kazi linaendeshwa na mtu wa kuku.

Iliniuma. Acha niandike hivyo hivyo. Nilikaa kwenye kitanda cha mtoto, katikati ya spea zangu zote, ikaniuma hasa.

Hesabu imekamilika. Pungufu: pampu moja.

Jumapili, 16 Machi

Walifika saa tano na nusu. Muuguzi mkuu mwenyewe alitoka nje, akaukunja upindo wa pazia kwa vidole, akatafuta kosa, hakuliona. Ghorofa mbili zote kapewa mke wangu! Mzigo wa kwanza upelekwe Jumamosi ya tarehe 29. Shemeji kalisifu gari mbele yangu. Kasema halitembei, linaelea. Nimemsamehe nusu.

Mke wangu hakunigombeza. Kasema tu kwamba muuguzi mkuu alipokuwa anaukagua ule upindo, yeye aligeuka kunitazama, akamkuta mdogo wake anakula karanga. Kasema alitaka niwepo. Nikamwomba radhi, na sikumwonyesha mstari wowote.

Akasema tarehe 29 naendesha mimi. Sharti ni moja: niape kwamba sitanunua tena spea ya kitu ambacho hakijaharibika. Hata moja. Hata plagi. Nikaapa, nimeshika mkono wake wenye plasta. Nilimaanisha kila neno. Mimi ni mtu wa kiapo.

Jumanne, 18 Machi

Siku kubwa! Tangazo kwenye ukuta wa posta: steshenwagoni la Ulaya, aina ileile, mwaka uleule, halitembei. Nikaomba ruhusa kazini, nikakimbia.

Limekaa nyuma ya kiwanda cha matofali, limeota majani mpaka kwenye viti. Lakini ndani! Pampu ipo. Giaboksi ipo. Koili zote. Kila kitu ambacho gari langu litakuja kukihitaji, tayari kimepangwa mahali pake, hakihitaji hata rafu. Niliapa kutonunua spea, na kiapo nakiheshimu. Hii si spea, ni gari zima.

Pesa sina, ila mwenyewe ni mtu wa kuelewana. Tumebadilishana. Yeye kachukua matairi yangu manne mapya, mimi nimechukua gari. Jioni hii limevutwa hadi nyumbani, limesimama kando ya mwenzake. Sasa mikia miwili iko nje ya geti.

Langu tumeliinua juu ya matofali, ambayo yule bwana alinipa bure, bila hata kuombwa. Mke wangu yuko cherehani, hajatoka nje. Kaniuliza dirishani hizo kelele ni za nini. Nimemwambia ni maandalizi ya tarehe 29.

Zimebaki siku kumi na moja. Muda upo tele.