Ng'ombe Aliyenitafutia Saini

Jumatatu, 3 Machi

Fomu ya mkopo wa chuo iko mezani tangu asubuhi, chini ya bisibisi za Baba. Anatengeneza majokofu ya watu, na kila karatasi inayoingia nyumbani huishia kulaliwa na skrubu. Mwisho wa kuirudisha ni Jumamosi. Bila saini ya mdhamini, hakuna mkopo. Bila mkopo, hakuna shahada ya uchoraji. Bila shahada hiyo, mimi ni nani?

Binamu alikuja kula. Anasoma uhasibu, mwaka wa pili. Tunamwita Risiti, kwa sababu hata akikuazima kalamu anataka uandikishe. Alipiga hesabu nyuma ya bahasha, mapato ya msanii huku, deni kule, akasema kwa huruma kwamba nitamaliza kulipa nikiwa na wajukuu. Mama akauliza kama wahasibu hulipa mapema zaidi. Risiti akasema yeye ana mpango. Mama akasema anaujua huo mpango, ni kula hapa kila siku.

Baba alinawa mikono. Halafu akasema nimletee hela iliyotoka kwenye picha, hata noti moja, mradi isitoke kwa Mama. Nikiileta kabla ya Jumamosi, anasaini. Nisipoileta, ni uhasibu, na Risiti atanirithisha madaftari yake.

Noti moja! Nimeshashinda. Sijajua tu kwa njia gani.

Jumanne, 4 Machi

Njia imepatikana. Bucha la mtaa wa pili lina ng'ombe aliyechorwa zamani, kando ya dirisha la kuuzia. Anafanana na mbwa aliyeazima pembe. Nilipita pale, nikarudi, nikapita tena, nikitafuta ujasiri. Mwenye bucha akatoka na kisu mkononi, akauliza, binti, unanitafuta mimi au unaipeleleza mizani yangu? Nikayasema yote kwa pumzi moja: ninachora, ng'ombe wako anatia aibu, nitakuchorea mwingine. Akautazama ukuta, akacheka, akakiri kwamba hata yeye humwonea haya. Atalipa Ijumaa kazi ikimpendeza. Rangi ni juu yangu.

Sina hela ya rangi. Jambo dogo. Mwenye duka la vifaa anafahamiana na Baba, kwa hiyo aliniandikia deni kwa jina la Baba. Kila msanii huanza na mfadhili. Wangu hajaambiwa tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimechora tangu nilipotoka shule hadi mwanga ulipokwisha. Kitabu cha maktaba kinasema uhai wa picha uko machoni, kwa hiyo mwili niliulipua, alasiri yote nikayapa macho. Nukta ya mwanga. Unyevu kidogo pembeni. Kope. Ukisimama kushoto anakutazama, ukihamia kulia anakutazama. Mtoto mmoja alimpungia mkono. Watu wakajaa hadi barabarani, na mwenye bucha akasema hajawahi kuona umati kama huo mlangoni kwake. Nimeshindwa kula kwa furaha. Nimeshaamua rangi ya mapazia ya chumba changu cha bweni.

Alhamisi, 6 Machi

Umati bado upo. Tatizo ni kwamba haununui. Mama mmoja aliagiza kilo moja, akageuka kidogo, akakutana na yale macho. Akauliza kwa sauti ya chini, ni huyu? Mwenye bucha akamwambia hapana, ni mwingine. Akauliza, na huyo mwingine alikuwa na watoto? Kisha akavuka kwenda kwa muuza mboga. Waliokuwa nyuma yake wakamfuata.

Watoto wamempa ng'ombe jina la Shangazi. Hilo halikusaidia biashara.

Mwenye bucha aliniita pembeni. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Akasema amekata nyama tangu sijazaliwa, na leo ndiyo mara ya kwanza kuliomba radhi paja. Nimfumbe macho yule mnyama. Nikamweleza kuhusu uhuru wa msanii. Akanieleza kuhusu malipo. Nikamfumba.

Sasa anaonekana marehemu. Mzee mmoja alivua kofia alipopita.

Usiku tulikula kabichi. Baba alisema mchana alikuta bucha limefungwa. Ajabu.

Ijumaa, 7 Machi

Mwenye bucha amesema hakuna malipo. Ukuta uwe mweupe kufikia jioni, na kwa rangi yangu. Nikakopa ndoo nyingine, jina lilelile. Nilikuwa nimeshachovya brashi, machozi yananilengalenga, muuza mboga alipovuka barabara mbio, ndala mkononi. Tangu jana hajabakisha kabichi hata moja. Akasema, mwanangu, usimfute kwanza, ngoja nimalize mchicha. Akanifumbatisha noti.

Noti! Imetoka kwenye picha, haikutoka kwa Mama. Nilimfuta Shangazi kuanzia kwato, polepole mno, mpaka mchicha ulipoisha.

Nikakimbia nyumbani. Mwenye duka la vifaa alikuwa ameshaketi sebuleni kwetu na hesabu yake. Risiti akaweka noti yangu huku, madai kule, akatangaza kwamba nimefanikiwa kudaiwa kabla hata ya kuanza chuo. Noti haikutosha hata ndoo moja. Baba alilipa. Nikalala na sare ya shule.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi Baba aliondoa bisibisi juu ya fomu. Risiti akamkumbusha hesabu ya jana. Baba akasema ameielewa, ila juzi bucha halikuwa limefungwa. Alifika, akasimama na hela mkononi, akashindwa. "Alikuwa ananitazama," akasema, naye hakumtazama mtu. Mama akasema, kumbe ndiyo ile kabichi. Baba akasema alitaka noti, noti imeletwa. Rangi nitamlipa kidogo kidogo. Akasaini. Kuna alama ya grisi juu ya jina langu, na sitaki mtu aiguse.

Nimejifunza mengi wiki hii. Kukopa ovyo ni hatari, na mteja lazima asikilizwe. Mchana nilikwenda kumshukuru muuza mboga, naye akaniomba bango. Kabichi ya kawaida tu, alisisitiza, isiyo na makuu. Nimeifikiria hadi jioni. Kabichi bila macho ni duara tu.

Rangi nimeshachukua. Baba sikutaka kumsumbua tena, nikaandikisha jina la Risiti.