Chujio la Mkurugenzi Zephania

Gari la Mkurugenzi Zephania lilikuwa limeshashika barabara ya Moshi, na wafanyakazi kumi na wanne wa Mamlaka ya Uratibu wa Ndiva za Milimani walikuwa bado wamejipanga nje ya ofisi pale Same, wakipunga mikono. Tangazo la ubaoni liliagiza wapunge mpaka gari lisionekane, na barabara ile imenyooka. Zipora wa masjala alibadilisha mkono mara tatu.

Tangazo lenyewe lilisema: "Umma unajulishwa kwamba Mkurugenzi ameteuliwa kupokea Tuzo ya Bara Zima ya Ofisi Safi Kimtandao. Atajiendesha mwenyewe, ili unyenyekevu wake uonekane kwenye picha."

Habari ya tuzo ilikuja kwa baruapepe, na ilikuwa halali kabisa. Ilipita kwenye Chujio.

Chujio lilizaliwa mwezi wa pili, baada ya ofisa mmoja, ambaye jina lake linahifadhiwa ila ndiye mwenye kiti kinachozunguka, kufungua baruapepe ya mjane mwenye dhahabu. Kompyuta zote zikalala siku tisa. Kamati ya watu saba ikakaa, ikala, ikaichunguza barua ya mjane, ikagundua jambo: alianza kwa salamu. Aliuliza hali, akauliza watoto, ndipo akaingia kwenye dhahabu. Kamati ikahitimisha kwamba matapeli ni watu wa salamu.

Waraka Namba Nne ukatoka. Baruapepe yenye salamu, maulizo ya afya au ombi la msaada itupwe Jalala na mashine yenyewe. Yenye cheo kamili cha Mkurugenzi na kumbukumbu namba ipite. Jalala lisifunguliwe bila saini ya Mkurugenzi. Na yeyote atakayeandika kutoka anwani ngeni akijiita Mkurugenzi, aripotiwe polisi.

Matokeo yalikuwa mazuri mno. Baruapepe za vijijini zilishuka kutoka arobaini kwa wiki hadi sifuri, na ripoti ikaandika kwamba wananchi hawana tena shida. Sasa, mtu wa Upareni ataanzaje na shida? Hata anayekuja kukushtaki huuliza kwanza mifugo.

Hawajashusha mikono, bodaboda ikafunga breki. Akateremka Melkizedeki, baba mdogo wa Zipora na mwenyekiti wa ndiva ya Kwamgaza, tope hadi mapajani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje? Wajukuu zangu hawajambo? Mguu wa mume wako?"

"Hawajambo, mguu unaendelea vizuri. Za huko juu?"

"Njema. Ndiva inapasuka."

Ndiva ni bwawa la udongo walilochimba mababu. Hujaa usiku, asubuhi hufunguliwa maji yateremke mashambani. Zamani mlango wake ulikuwa kigogo na tope, na mwenye zamu aliuzibua kwa mguu. Mamlaka ikauboresha. Ikaweka mlango wa chuma, ikatia kufuli, na ufunguo ukakaa kabatini Same, hautoki ila kwa maombi ya baruapepe. Na masika yale mvua ilikuwa haijakata siku kumi.

Naibu Mkurugenzi, Bwana Lukasi, akajitokeza. "Mzee, mliandika?"

"Mara nne. Kaniandikia Maua wa steshenari."

"Kwenye mfumo hakuna. Kisichokuwa kwenye mfumo hakijapasuka."

"Bwana mkubwa, chini ya ule ukuta kuna nyumba kumi na moja. Njoo ulale kwangu leo, na mfumo wako uubebe."

"Ya kwanza ni ya mama yangu," Zipora alisema.

"Dada Zipora, usiingize ukoo kwenye utaratibu. Atakaporudi Mkurugenzi atasaini."

Zipora akampigia Mkurugenzi. Simu imezimwa. Akapiga tena, na tena. Kisha akaketi kwenye kompyuta, akalifungua Jalala bila saini ya mtu.

Zilikuwamo barua mia tatu na kumi na mbili. Ya kwanza ya Melkizedeki ilisema: "Shikamoo Mkurugenzi, pole na majukumu, mama anaendeleaje, sisi tunamshukuru Mungu, ukuta una ufa unaoingia kidole." Ya pili, unaoingia mkono. Ya tatu, unaoingia kichwa cha mbuzi. Ya nne ilikuwa fupi: "Shikamoo. Tunaomba ufunguo."

Akazichapa, akazipiga muhuri IMEPOKELEWA, akafungua kabati.

"Nitaandika haya yote!" Lukasi alifoka.

"Andika, kaka. Ila usisalimie."

Wakapanda mlima watatu kwenye pikipiki moja, yeye, baba mdogo na dereva wa bodaboda. Mama yake walimkuta amekaa mlangoni, sufuria kazifunga kwenye kanga, anauangalia ukuta. Kufuli lilikuwa na kutu. Zipora alilipigapiga kwa jiwe ndipo likakubali. Maji yakatoka yakinguruma, yakaufuata mfereji. Ndani ya ndiva yakashuka polepole mpaka jioni, na ufa ukaonekana wote, mrefu kuliko mtu.

Huko Same, saa tisa alasiri, baruapepe iliingia kutoka mapokezi ya hoteli moja ya Moshi. Zipora alikuwa ameliacha Jalala wazi, kwa hiyo Lukasi aliiona ikitua humo.

"Ndugu zangu, hamjambo? Za kazi? Ni mimi Zephania, Mkurugenzi wenu. Nisaidieni. Hakuna tuzo. Kijana mmoja wa suti alisema gari la mgeni rasmi lazima lipambwe maua, nikampa funguo. Simu niliizima njiani ichaji upesi, ikabaki ndani, na namba ya mtu siikumbuki."

Lukasi akaisoma mara mbili, akahamia ofisi ya Mkurugenzi, kwenye kiti kinachozunguka, ili afikiri vizuri. Salamu ipo. Ombi la msaada lipo. Anwani ngeni. Na anajiita Mkurugenzi. Akapiga simu polisi.

Kesho yake Zephania aliteremka kwenye gari la samaki la bwawa la Nyumba ya Mungu. Mlinzi Swalehe akamzuia getini.

"Kitambulisho?"

"Kipo garini."

"Gari?"

Zephania akageuka kuiangalia barabara ya Moshi.

"Samahani sana, mzee. Tumeonywa kuna mtu atakuja akijiita wewe. Tena kweli, mnafanana."

Polisi wakamchukua, akakaa kituoni mpaka jioni, mke wake alipokuja kumtambua. Mke huyo alimwangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Gari halijaonekana. Lukasi alikaimu siku kumi na moja, akaondolewa, hajasema kwa nini. Zipora alipewa onyo la maandishi na yuko masjala bado. Ukuta wa Kwamgaza ulizibwa na wanakijiji kwa siku mbili, na mama yake Zipora alizifungua sufuria. Ufunguo haukurudi Same. Chujio linaendelea kufanya kazi, kwa kuwa aliyejua kulizima alihama. Zephania alipelekwa kituo cha Kwakoa kupima mifereji. Wiki jana walimwona amezama hadi magotini, daftari juu ya kichwa, akimuuliza mama mmoja maji haya hutoka wapi.