Kumfungulia Aatos Masikio

Jumatatu, 12 Juni

Asubuhi tulivu. Ukungu umelala juu ya ziwa, na Aatos, farasi wangu, anatafuna shayiri yake polepole, macho yamefumba nusu. Naamini naye huota. Mimi nimeota tena: jukwaa la uwanja wetu wa Haukivaara limefurika, watu wanapaza sauti, Oiva! Oiva! Nikazinduka. Alikuwa Hilkka, mke wangu, akiniita nikazoe samadi.

Habari mbaya. Alpo, mwenyekiti wa chama chetu cha mbio za farasi, amepiga simu. Wakubwa wa mjini wanamtuma Bi Sarkkinen Jumapili, aje aone kama uwanja wetu bado una uhai. Akiuona umekufa, hakuna kibali cha mwakani. Uwanja mwingine uko mwendo wa nusu siku kwa gari, na gari langu halimalizi hata kilima cha kanisani. Kwa hiyo Haukivaara ikifungwa, banda langu nalo limefungwa, na Aatos atauzwa akavute watalii kwenye theluji. Yeye, farasi mwenye fikra!

Basi Jumapili Aatos lazima ashinde. Bi Sarkkinen akiona farasi wa banda dogo akishinda, moyo utamlainika. Sioni njia nyingine.

Jumanne, 13 Juni

Nimemweleza Hilkka siri ya ushindi. Aatos hukimbia akiwa na vizibo masikioni, kama wenzake wote, na kamba yake iko mkononi mwangu, nimeketi kwenye kigari anachokivuta. Tukifika mnyoosho wa mwisho, pale njia inaponyooka kuelekea mstari wa kumalizia, navuta. Vizibo vinachomoka, kelele za umati zinamwingia ghafla, anapaa! Hilkka akaniuliza ni umati gani huo, maana watu wa hapa hata nyumba ikiungua husema tu kwamba leo kuna joto kidogo. Wanawake hawaelewi maono.

Alasiri akapita Taisto Karppinen. Huyu ndiye jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mwenye banda la sakafu ya mpira na mashine ya kutembezea farasi. Farasi wanazunguka wenyewe, yeye anakunywa kahawa! Akamtazama Aatos kwa muda, halafu akauliza kwa upole kama huyu mzee anakula vizuri. Mzee! Aatos yuko katika ujana wa mwisho.

Taisto analeta farasi wanne katika mbio kuu. Mimi mmoja. Waliobaki ni wawili, wa ndugu wa kule kinu cha mbao, nao hukimbia ili mradi wamekimbia. Kikwazo changu ni Taisto peke yake. Nimekaa kizingitini nikitazama mawingu yakienda zake, na wazo likaja lenyewe, laini, kama paka anayeingia jikoni.

Jumamosi, 17 Juni

Siku ya msaragambo uwanjani. Watu wote wa chama walikuja na majembe na reki, kama kila mwaka, na Hilkka akaleta mikate ya iliki na kahawa. Alpo aligawa kazi. Mimi nikajitolea kunyunyizia maji kona ya upande wa ziwani, vumbi lisisumbue wageni. Alpo akashangaa, akasema kwamba jana mvua ilinyesha. Nikamwambia vumbi halina adabu, hurudi upesi. Akanipa mpira wa maji.

Nikanyunyiza. Nikaendelea kunyunyiza. Maji yalimeta juani, mbayuwayu wakaja kuchukua matope, na mimi nikajiona mbali sana, shada la maua shingoni mwa Aatos, Bi Sarkkinen akifuta machozi. Nilipozinduka, kona ilikuwa uji.

Ndivyo hasa nilivyotaka! Kila mtu anajua Taisto analinda miguu ya farasi wake kuliko yake mwenyewe. Akaja, akabonyeza udongo kwa kisigino, kiatu kikazama. Kisha akamwambia Alpo kwamba anasikitika, ila wanne wake wanabaki nyumbani. Aatos ana kwato pana kama sufuria. Kwake uji ni zulia. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Saa moja baadaye, simu ya Alpo. Sauti yake ilikuwa ya msibani. Mbio kuu zina farasi watatu tu. Kanuni inataka wasipungue sita, na wakipungua zinafutwa. Bi Sarkkinen atakuja kutazama uwanja mtupu, anywe kahawa, atupige kufuli, arudi mjini. Alpo akasema: "Basi, Oiva. Tumekwisha."

Nimekaa kitandani. Kanuni hiyo niliijua. Nimekuwa mjumbe wa kamati miaka mingi, niliipigia kura mwenyewe. Sijui ilikwenda wapi kichwani. Nimejipalia makaa, na sasa natafuta wa kumlaumu, simwoni.

Hilkka hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alinitazama, akatazama buti zangu zenye matope mpaka magotini, akasema niende kwa Taisto sasa hivi, na nisirudi na hadithi za mbu, kama kawaida yangu.

Nikaenda. Tukakaa kwenye ngazi ya sauna yake, kile kibanda cha kuoga mvuke. Nikazungumzia mbu. Wamekuwa wengi mwaka huu. Taisto akakubali, wengi. Nikasema tena ni wakubwa. Akakubali, wakubwa. Nilimwona Aatos kwenye theluji na kengele shingoni, akivuta mtu aliyevaa miwani ya jua. Hatimaye nikasema kona ile haikuwa mbaya kiasi hicho.

Taisto akasema: "Wewe bwana, nani humwagilia uwanja siku moja baada ya mvua?" Hakuwa na hasira. Hilo liliniumiza zaidi. Akaeleza kwamba bila uwanja hata mashine yake ni bembea ya watoto ya kuzunguka tu, farasi watazunguka bila pa kwenda. Kisha akasema sauna iko tayari, nikitaka niingie. Nikaingia.

Jumapili, 18 Juni

Asubuhi nilikuta Taisto kwenye kona na trekta, akimwaga mchanga alioutoa kwenye shimo lake mwenyewe. Ndugu wa kinu cha mbao wakimsaidia. Nikashika reki. Kufikia mchana kona ilikuwa ngumu kama meza, na farasi wake wanne wakashushwa garini.

Bi Sarkkinen alikuja. Mwanamke mfupi, koti la mvua, akala mikate mitatu ya iliki. Dalili njema.

Mbio! Aatos alitoka kama kijana. Hatua zake zilikuwa sawasawa, tulivu, na mimi kwenye kigari nilielea. Ziwa likapita upande mmoja, nyuso upande mwingine. Kwenye mnyoosho wa mwisho tulikuwa wa pili, pua yake ubavuni mwa farasi wa Taisto. Sasa! Nikavuta kamba. Vizibo vikachomoka.

Kimya. Umati mzima wa Haukivaara umesimama, mikono mifukoni, ukitazama kwa heshima. Aatos akasimamisha masikio. Akayageuza huku na huku. Akapunguza mwendo ili asikie vizuri zaidi. Na kweli kulikuwa na cha kusikia: upepo kwenye miti, ndege wa ziwani, kwato za wenzetu zikitupita moja baada ya nyingine. Hata mimi nikasikiliza. Ilikuwa nzuri sana. Tukawa wa sita kati ya saba.

Taisto alishinda. Aliponipa mkono nilitaka kuchukia, nikashindwa kidogo.

Ijumaa, 23 Juni. Mkesha wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi

Tumepewa! Kibali cha majira mengine ya mbio! Alpo alilia kwenye simu, nami nikalia zizini, uso kwenye shingo ya Aatos. Bi Sarkkinen ameandika kwamba mahali ambapo mabanda yanasaidiana bado pana uhai. Nadhani amevutiwa na kazi yangu ya reki.

Sharti ni moja: mbio kuu za Agosti zisiwe na farasi chini ya tisa, la sivyo kibali kinafutwa. Alpo hana wasiwasi. Tuko saba, na mama mmoja wa kijiji cha pili ameahidi kuleta farasi wake wawili, wazuri mno, wenye kasi.

Wenye kasi. Nimelitafakari hilo adhuhuri yote, nikitazama vijana wakipanga kuni za moto wa mkesha ufukweni. Mwanga ni mwororo, kila kitu kinawezekana. Nimempigia simu yule mama. Nimemwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba mabanda ya huku yana kikohozi kibaya, afadhali abaki kwake. Amenishukuru sana.

Washindani wawili wamepungua. Agosti ni yetu.