Chai ya Mama na Seli za Baba

Niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwetu Mukurweini: leo nimejianika mbele ya wakulima kumi na wanne.

Mnakijua kile kisanduku changu cha masomo. (Ndiyo, kile mnachokiita redio.) Ndani kuna taa ndogo ya buluu na kihisi cha mwanga, basi. Unachukua seli za mdomoni, unatia rangi inayong'aa ikishika DNA nzima. DNA ikiwa imekatikakatika, mng'ao unafifia. Namba kubwa, shangilia. Namba ndogo, kuna uharibifu.

Nilikitengeneza kwa sababu ya baba. Amenyunyizia kahawa dawa za wadudu tangu sijazaliwa, bila glavu, bila kufunika pua, na siku hizi anakohoa. Nilitaka kujua. Niliogopa kujua pia. Leo asubuhi nikajikaza, nikakipeleka nyumbani, na baba akaalika kikundi chake kizima cha wakulima waje wapimwe.

Kwetu mgeni haanzishiwi kazi kabla ya chai. Mama alipika sufuria nzima, maziwa mengi kuliko maji, na kila mtu akanywa vikombe viwili. Mimi vitatu. Kisha nikawapa maji wasukutue na kutema kwenye vichupa. Maji yalitoka na ukungu kidogo. Nikajiambia, leo seli ni nyingi! (Msomi huyo.)

Nikaanza na baba. Sampuli safi niliyobeba kutoka maabara, ya kulinganishia, ilisoma themanini. Baba akasoma kumi na moja.

Nikarudia. Kumi.

Nilipaswa kunyamaza, nimalize kazi, nikahakikishe maabara. Ndivyo tunavyofundishwa. Badala yake niliangua kilio, nikamshika baba mkono, nikamwambia amekwisha haribika. Halafu mdomo ukaendelea wenyewe. Nikamwomba anisamehe, kwamba ile miche yake ya kahawa haikuliwa na mbuzi wa Mzee Kariuki. Ni mimi niliyeacha lango wazi, ng'ombe wetu akaingia.

Mzee Kariuki ni jirani yetu. Baba hajamsalimu kwa miaka minne kwa ajili ya miche hiyo. Na alikuwa ameketi hapo hapo, kiti cha tatu kutoka kwangu, akisubiri zamu yake.

Mzee Kariuki akaweka kikombe chini taratibu.

"Kwa hivyo mbuzi yangu haikuwa na makosa," akasema. "Na mimi niliiuza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alikuwa akiniangalia mimi.

"Wewe hujawahi shika pampu ya dawa," akasema. "Hebu pima yako."

Nikapima huku makamasi yakinitoka. Nne. Nne, jamani! Kwa hesabu hiyo mimi nilikuwa marehemu.

Mama alikuwa akikusanya vikombe. Akachungulia kichupa changu, akakinusa.

"Lakini hii maji iko na chai," akasema. "Kwani hamkuosha mdomo kwanza?"

Nikachukua ile sampuli safi ya maabara, nikaidondoshea tone moja la chai ya mama. Kutoka themanini ikaanguka hadi tisa. Miaka miwili ya masomo, na maziwa ndiyo yaliyokuwa yakiziba mwanga. Wazee walicheka hadi mmoja akatoka nje kupunga hewa.

Tukasukutua mara tatu, tukatulia kidogo, tukapima upya. Baba, sabini na nane. Nililia tena, kilio cha aina nyingine, nikamkumbatia na gambuti zake zote za shambani. Wenzake nao wakasoma vizuri. Kisanduku changu si hospitali, kwa hiyo kile kikohozi baba ataenda kumwonyesha daktari, na glavu ameahidi kuvaa mbele ya mashahidi kumi na watatu. Lakini nimepumua, marafiki. Sikujua nilikuwa nimebana pumzi mwaka mzima.

Sasa nawaandikia nikiwa jikoni, nimejificha. Baba na Mzee Kariuki wako nje wanaongea, kwa mara ya kwanza tangu ile miche, na kesi yenyewe ni yangu. Mzee Kariuki, ambaye ndiye aliyeonewa, anasema nikitoa mbuzi mmoja yatakuwa yameisha. Baba, kwa sauti ya mtu ambaye seli zake ni nzima kabisa, anasema wawili.